Tuulizwe, na Bei Tuambiwe

Ukimuuliza Mkenya kura ya maoni ni kitu gani, atakupeleka moja kwa moja hadi Agosti 2022. Atakukumbusha kwamba kampuni kubwa za utafiti zilimweka Raila Odinga mbele hadi siku za mwisho, kisha tume ya uchaguzi ikamtangaza William Ruto mshindi kwa asilimia 50.49. Mwenye umri mkubwa kidogo atarudi nyuma hadi 2007. Hukumu haibadiliki: watu wa kura za maoni ni waongo, au wamelipwa, au yote mawili.

Nadhani lawama hizi tumezipeleka kusikostahili. Kura ya maoni ya uchaguzi ina mtihani wake. Siku ya kupiga kura inafika, matokeo yanatangazwa, na aliyekosea anajulikana hadharani. Zinazonisumbua mimi ni zile ambazo siku ya mtihani haifiki kamwe: zinazotuambia kwamba Wakenya wanaunga mkono nyumba za bei nafuu, kwamba Wakenya wameuchoka mtaala mpya wa shule, CBC, kwamba Wakenya wameridhika na bima mpya ya afya au hawajaridhika. Hakuna anayerudi kuzikagua. Mwanasiasa anazipandisha jukwaani zikimfaa na kuzikanyaga zisipomfaa. Sisi wengine tunasoma kichwa cha habari ndani ya matatu, tunashuka, maisha yanaendelea. Na ni hizi hasa zinazogusa mshahara, karo na dawa.

Hoja yangu ni moja. Swali la sera lisilotaja gharama halipimi maoni ya mtu kuhusu sera hiyo. Linapima tu kama mtu anapenda mambo mazuri, na sijakutana bado na asiyeyapenda. Mwenye duka akikuuliza kama unataka sukari, hujamjibu lolote la maana mpaka akwambie kilo ni pesa ngapi.

Tuanze na makato ya nyumba, kwa kuwa kila mwenye ajira rasmi anayaona kwenye peslipu kila mwisho wa mwezi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliyaweka kuwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na mwajiri naye anaongeza kiasi hicho hicho. Anayelipwa shilingi 40,000 anaachana na 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Novemba 28, 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliyatangaza kuwa kinyume cha Katiba, sababu moja ikiwa kwamba yaliwabana walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine. Machi 2024 Bunge likaleta sheria mpya inayowagusa pia walio nje ya ajira rasmi, makato yakarudi.

Sasa fikiria mhojaji amebisha mlangoni kwako na swali hili: "Je, unaunga mkono serikali kuwajengea wananchi wa kipato cha chini nyumba za bei nafuu?" Utasema nini? Utasema ndiyo, kwa sababu unajua jirani yako analala na watoto wanne katika chumba cha mabati chenye upana wa hatua tano. Mwenzake akaja kesho na lake: "Je, unaunga mkono kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wako kila mwezi ili serikali ijenge nyumba, hata kama wewe binafsi hutapata nyumba?" Hapo utasema hapana, na bado ni wewe yule yule, hujabadilika hata chembe. Wa tatu akaja na "mpango wa nyumba wa Rais Ruto", na majibu yakagawanyika karibu sawa na jinsi watu walivyopiga kura. Matokeo matatu, vichwa vya habari vitatu, nchi moja, wiki moja.

Wala sisemi kwamba swali la pili ndilo la haki. Nalo limepinda, maana lile "hata kama hutapata nyumba" linamsukuma mtu kwenye hapana. Swali la haki lingetaja makato, likataja idadi ya nyumba zinazotarajiwa na kazi ambazo mafundi na vibarua wanapata kwenye mijengo, kisha likamwacha mtu apime mwenyewe. Ni refu, ni gumu kulitunga, na kulisoma mlangoni kunachukua muda. Ndiyo maana waulizaji wengi hawalitungi.

Bima ya afya inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Chini ya NHIF ya zamani, aliyelipwa 100,000 na aliyelipwa 500,000 walikatwa sawa: 1,700, basi. Tangu Oktoba 1, 2024 makato ya SHIF, bima iliyochukua nafasi yake, ni asilimia 2.75 bila kikomo cha juu. Mwenye mshahara wa 200,000 alitoka 1,700 akafika 5,500. Mwenye 20,000 anakatwa 550, pungufu ya alichokuwa akikatwa zamani. Halafu kuna fundi wa jua kali, mama mboga na mhudumu wa bodaboda, ambao hawana peslipu. Hao kiwango chao cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini wanatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600 kwenda mbele. Yeyote anayejua jinsi pesa inavyoingia na kutoka katika kibanda cha mboga Kawangware anajua kwamba 300 mara kumi na mbili na 3,600 mara moja ni vitu viwili tofauti kabisa. Serikali yenyewe iliiona shida hiyo, na baadaye ikaleta mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole.

Ukija na swali la "Je, unaunga mkono bima ya afya kwa wote?" umewaweka watu hawa wote kwenye kapu moja. Asilimia utakayopata haitakuambia lolote kuhusu yeyote kati yao. Meneja anayelalamikia 5,500 na mama anayelalamikia mkupuo wamejibu jambo moja kwa sababu ambazo hazihusiani. Wa kwanza anaweza kupozwa kwa huduma bora hospitalini. Wa pili anahitaji tu kuruhusiwa kulipa kila wiki kwa simu. Waziri akisoma "wengi hawajaridhika" atashughulika na lipi?

Kuna jaribio la Marekani ambalo ningependa kila mhariri wa habari Nairobi alijue. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati waliwauliza watu maoni yao kuhusu Sheria ya Masuala ya Umma ya 1975. Karibu theluthi moja walitoa maoni, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga. Sheria hiyo haikuwahi kuwepo. Mwaka 1995 gazeti la Washington Post lilirudia jaribio hilo, likawaambia baadhi ya waliohojiwa kwamba Rais Clinton anataka kuifuta na wengine kwamba Warepublikan ndio wanaotaka kuifuta. Waliokuwa na msimamo wakaongezeka, kila mmoja akifuata upande wake wa siasa. Watu wale hawakuwa wajinga. Mtu akiulizwa kwa heshima na mgeni mwenye karatasi, anaona aibu kusema hajui, kwa hiyo anashika kamba yoyote iliyo karibu, na kamba iliyo karibu kuliko zote ni jina la mwanasiasa. Hapa kwetu, ambako kila sera inabatizwa jina la aliyeileta kabla haijachapishwa, kamba hiyo iko karibu zaidi. Kura ya maoni ya sera isiyokuwa na jibu la "sijasikia habari hiyo" nami huiweka kando.

Nimewahi kufuatana na wahojaji katika majumba ya Pipeline, kule Embakasi, na naomba niwatendee haki, kwa sababu kazi yao ni nzito na kanuni zake ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Mhojaji ana kitambulisho kifuani na kishikwambi mkononi. Eneo alilotumwa limechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya maeneo ya sensa. Katika utafiti wa aina ya Afrobarometer, unaopima maoni ya watu katika nchi nyingi za Afrika na ambao hapa Kenya unafanywa na Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kila eneo linatoa watu 8. Anaanzia mahali alipopangiwa, anahesabu milango, anaruka idadi aliyopewa, anabisha. Akimhoji mwanamume hapa, nyumba inayofuata lazima amhoji mwanamke. Wala hamhoji yule aliyemfungulia. Anaandika orodha ya watu wazima wa jinsia hiyo wanaoishi humo, kisha kishikwambi kinateua mmoja.

Hapo ndipo kazi inapokuwa kazi. Jina limeangukia binti wa miaka 24 anayefanya kazi kiwandani, na yuko kazini mpaka jioni. Kanuni inamtaka mhojaji arudi. Ni saa nane mchana, orofa ya sita, na ngazi amezipanda mara nne tangu asubuhi. Kurudi saa mbili usiku katika vichochoro vya Pipeline na kishikwambi cha watu mkononi ni hatari anayoijua vizuri. Jikoni yuko shangazi wa binti huyo, anachagua maharagwe, amekaribisha vizuri na ana muda wa kutosha. Kishawishi cha kumhoji shangazi na kuandika binti kinaeleweka.

Mhojaji niliyekuwa naye alirudi. Alipiga simu kwanza, akamsubiri binti kwenye kituo cha magari karibu na saa moja unusu, wakapanda pamoja. Lakini hesabu ni rahisi: kila mahali ambapo mhojaji anashindwa kurudi, sampuli inampoteza mtu anayeshinda kazini na kumpata anayeshinda nyumbani. Na anayeshinda kazini ndiye mwenye peslipu. Utafiti wa makato ya mshahara uliofanywa mchana tu, kwa haraka na kwa bajeti ndogo, unaweza kuwakosa wale wale wanaokatwa.

Upande wa pili wa mji kuna geti. Kileleshwa, Lavington, Runda, mhojaji anafika mpaka kwa askari, na askari ameagizwa asiruhusu mtu. Wenyewe hawapo, au wapo lakini hawapokei wageni. Kampuni inayojiheshimu itarekebisha upungufu huo kwa kuwapa uzito zaidi wale wachache waliopatikana, na itasema wazi kwamba imefanya hivyo. Isiyojiheshimu itanyamaza.

Utafiti wa simu umerahisisha mambo na kuyaharibu kwa wakati mmoja. Ni nafuu, ni wa haraka, unafika Turkana bila gari. Ila anayepokea lazima awe na simu yake mwenyewe, yenye chaji, tena awe tayari kuongea na namba asiyoijua, katika nchi ambayo namba usiyoijua huenda ni ya tapeli anayekwambia umetumiwa pesa kwa bahati mbaya. Wanawake wa vijijini ndio wanaopotea zaidi humo. Kuhusu yale maswali ya runinga yanayotangazwa saa moja jioni na kutolewa majibu saa tatu usiku, sitatumia nafasi kubwa. Wanaojibu ni waliojichagua, na idadi yao hata ikiwa maelfu haiwafanyi kuwa Kenya.

Naomba tukae kidogo kwenye idadi, maana hapa ndipo tunapodanganywa bila mtu kusema uongo. "Mbona mimi sijawahi kuulizwa?" ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na jibu lake ni la hesabu tu. Wapigakura walioandikishwa 2022 walikuwa zaidi ya milioni 22.1. Ukiwahoji 2,400, anapatikana mmoja kati ya kila 9,200 hivi. Unaweza kuishi maisha yako yote bila kubishiwa mlango na utafiti ukawa sahihi bado. Kiwango cha makosa hukisiwa kwa kugawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Kipeuo cha pili cha 2,400 ni 49, kwa hiyo makosa ni asilimia 2 hivi, juu au chini. Ukitaka yashuke hadi asilimia 1, utahitaji watu 10,000, na bajeti itapasuka. Kwa hiyo 2,400 kwa nchi nzima ni idadi ya heshima, ingawa watu 8 wa mtaa mmoja hufanana mawazo kiasi kwamba makosa halisi ni makubwa kidogo kuliko hesabu hiyo.

Shida inaanza wanapoigawa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu milioni 47.6, na Nairobi ilikuwa na milioni 4.4. Katika sampuli ya 2,400, Nairobi itapata watu 220 hivi. Kipeuo chake hakifiki 15, na makosa yanaruka hadi karibu asilimia 7. Ukiambiwa asilimia 45 ya wakazi wa Nairobi wanaunga mkono jambo fulani na asilimia 55 ya wakazi wa kaunti nyingine wanaliunga mkono, huwezi kuapa kwamba tofauti hiyo ipo kweli. Sasa nenda Lamu. Kaunti hiyo ilikuwa na watu 143,920. Fungu lake katika 2,400 ni watu 7. Saba! Wanaweza kutoka kijiji kimoja, pengine Mpeketoni peke yake au Faza peke yake, na kila anayeijua Lamu anajua kwamba maoni ya Mpeketoni kuhusu ardhi na maoni ya Faza hayafanani. Ndiyo maana nikiona jedwali la kaunti zote 47 zilizopangwa moja hadi arobaini na saba kwa "kuridhika na huduma za afya", hutafuta kwanza waliohojiwa kila kaunti walikuwa wangapi. Ikiwa haikuandikwa, sisomi zaidi.

Kuna na hofu. Utafiti halali unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mhojaji akifika eneo jipya hupitia kwa chifu ili asije akashikwa kama mwizi. Utaratibu huo una maana, lakini una bei yake. Mzee wa mtaa akiandamana na mhojaji mpaka mlangoni, majibu kuhusu polisi na kuhusu serikali hulainika. Hojaji ya Afrobarometer ina swali la mwisho ninaloliheshimu sana: inamuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma. Wengi hutaja serikali, hata baada ya kuelezwa mwanzoni kwamba sivyo. Mtu anayedhani anaongea na serikali atasema nini kuhusu ushuru wa serikali?

Tanzania ilitupa mfano wa hofu hiyo kutoka upande wa pili. Mwaka 2018 Twaweza, kupitia utafiti wake wa simu wa Sauti za Wananchi, ilichapisha kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. Muda si mrefu shirika likaulizwa kuhusu kibali, na mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Hatujafika huko, na nasema hivyo kwa shukrani. Kenya mtu anaweza kuchapisha takwimu zinazomkera Rais na akalala nyumbani kwake. Uhuru huo tunautumia vibaya tukiuliza maswali mepesi.

Na hapa nataka kurudi Juni 2024, kwa sababu siwezi kuandika kuhusu maoni ya wananchi na sera za uchumi Nairobi nikaiepuka. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada. Ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na gari lilipiwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Ushirikishwaji wa umma ulifanyika, kwa maana ya kisheria: tangazo likatoka, kamati ya Bunge ikakaa, maoni yakapokelewa. Lakini anayeandika waraka wenye vifungu na majedwali ni kampuni ya uhasibu, ni benki, ni chama cha wenye viwanda. Wana wanasheria wa kufanya kazi hiyo, na sina ugomvi nao. Kijana wa Kayole anayeuza mitumba Gikomba hana wa kumwandikia. Juni 18 mkate na gari vikaondolewa. Juni 25 wabunge 195 wakapitisha uliobaki, 106 wakakataa, na mchana huo huo vijana waliokuwa wakiandamana wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 katika maandamano hayo.

Sidai kwamba kura ya maoni ingewaokoa. Waliofyatua risasi hawakuwa wakisubiri takwimu. Ninachosema ni kwamba 195 kwa 106 ni picha ya nchi ambayo nchi haikujitambua ndani yake, na kwamba umbali kati ya ukumbi wa Bunge na barabara ya Kenyatta ungeweza kupimwa miezi minne mapema, kwa utaratibu, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na bilioni 346. Katiba yetu inataja ushirikishwaji wa umma kwenye kifungu cha 10, cha 118 na cha 201, na hicho cha mwisho ni mahususi kwa masuala ya fedha. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliitupa Sheria ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali maoni haya na kukataa yale. Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo Oktoba. Sheria ilibaki, lakini swali la majaji wa rufaa halijapoteza uzito: mkiwasikiliza watu, mnajuaje ni wangapi wanaosema hivyo?

Ukumbi wa ushirikishwaji wa umma hauwezi kujibu hilo. Ukumbi unamleta mwenye nauli, mwenye nafasi siku ya kazi, na aliyepangiwa basi na mwanasiasa wake. Una faida ambayo hojaji haina, kwamba mtu anaeleza sababu zake kwa maneno yake mwenyewe, na hoja moja nzuri ya mama mmoja inaweza kubadilisha kifungu kizima. Idadi, ukumbi hauna. Vitu hivi viwili vinahitajiana, na sisi tumekifanya kimoja kuwa sharti la Katiba na kingine tumekiacha kiwe biashara ya msimu wa uchaguzi.

Hata sheria yetu inasema hivyo. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Inamtaka mchapishaji aseme nani amelipia, nani amefanya, lini, wangapi walihojiwa na kiwango cha makosa, na inakataza kuchapisha siku tano kabla ya kupiga kura. Ni sheria nzuri. Iliandikwa kwa ajili ya uchaguzi. Anayetaka kutuambia Wakenya wanasemaje kuhusu karo za vyuo vikuu au bei ya unga anapaswa kubanwa vivyo hivyo, kwa sababu aliyelipia utafiti wa unga ana maslahi kama aliyelipia utafiti wa urais, wakati mwingine makubwa zaidi.

Najua pingamizi, na moja nalikubali. Kuna mambo ambayo wingi wa watu hauna haki ya kuyaamua. Mwaka 2010, tulipokuwa tukielekea kwenye referenda ya Katiba, mahakama za Kadhi zilibishaniwa sana, na ingekuwa makosa makubwa kuziondoa kwa sababu tu kura ya maoni ilisema hivi au vile. Haki ya wachache haisubiri asilimia. Wakimbizi wa Kakuma na Dadaab hawapaswi kulala na wasiwasi wa utafiti wa mwezi ujao. Lakini ushuru si wa aina hiyo. Ushuru ni pesa ya watu wote inayochukuliwa kwa ridhaa yao, na ridhaa ni kitu kinachopimika.

Pingamizi la pili, kwamba wananchi hawaelewi uchumi, silikubali hata kidogo. Mama anayepanga bajeti ya nyumba ya watu sita kwa shilingi 500 kwa siku anaelewa kuchagua kati ya viwili vizuri kuliko wengi wanaomwakilisha. Afrobarometer imewahi kuwauliza watu wachague: ushuru wa juu zaidi wenye huduma zaidi, au ushuru wa chini wenye huduma chache. Ni swali fupi lenye bei ndani yake, na watu walilijibu bila taabu.

Muda upo. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka Taarifa ya Sera ya Bajeti ifike Bungeni kufikia Februari 15, na Mswada wa Fedha kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki kumi. Utafiti wa watu 2,400 nyanjani, unaoendeshwa na chuo kikuu cha umma kwa pesa za Bunge na kusimamiwa na Ofisi ya Bajeti ya Bunge, unaweza kufanyika na kuchapishwa ndani yake. Hojaji yote itolewe hadharani siku ile ile ya matokeo, neno kwa neno. Nusu ya wahojiwa waulizwe bila kutajiwa gharama na nusu watajiwe, ili tofauti ionekane na kila mtu. Wahojaji walipwe nauli ya kurudi jioni. Kaunti isiyofikisha watu wa kutosha isipewe asilimia yake.

Swali la kwanza ningeliandika hivi: "Serikali inapanga kukusanya ushuru zaidi mwaka ujao. Ikifanya hivyo, mtu mwenye kipato kama chako atalipa takriban shilingi ........ zaidi kwa mwezi. Isipofanya hivyo, kazi hizi hazitafanyika: ......... Ungechagua lipi, au bado hujaamua?" Nafasi hizo mbili zijazwe na Hazina ya Kitaifa, kwa maandishi, na hesabu zake ziambatishwe.